Kitabu cha Dola 50 Kikifika Nairobi: Mwongozo Kamili wa Gharama za Vitabu vya Michezo ya Kuigiza ya Mezani

Mwongozo huu umeandikiwa mtu anayeishi Nairobi au viunga vyake, ambaye ameshacheza D&D (Dungeons & Dragons) au mchezo mwingine wa aina hiyo sebuleni kwa rafiki, au anayetaka kuanza, na ambaye alifungua duka la mtandaoni, akaona bei ya kitabu kimoja cha kanuni, kisha akaiweka simu chini. Kwa asiyeifahamu michezo hii, watu wanne, watano au sita huketi mezani, mmoja wao, ambaye ndiye msimulizi, akaeleza mahali na matukio, na kila mmoja wa waliobaki akaigiza mhusika wake, huku dadu zikiamua yale yasiyoweza kuamuliwa kwa maneno. Ubao si lazima, vikaragosi (sanamu ndogo za wahusika) si lazima. Kinachouzwa hasa ni kanuni na visa, yaani vitabu, na ndiyo maana bei ya vitabu huamua nani atacheza na nani atabaki mtazamaji.

Niseme msimamo wangu mapema. Wachezaji wengi wa hapa hununua kwa mpangilio uliopinduka: huagiza kitabu kikubwa kwanza, kisha hutafuta watu wa kucheza nao, na mwishowe hugundua kwamba meza waliyoipata inapenda mchezo mwingine. Mpangilio unaofaa ni kucheza kwanza kwa kanuni za bure, kukokotoa gharama kamili hadi mlangoni, na kununua mwisho, tena kitabu kimoja tu ambacho meza yenyewe imeonyesha kwamba inakihitaji. Hatua zinazofuata zinafuata mpangilio huo.

Hatua ya 1: Tenganisha bei ya jalada na bei ya shilingi

Malalamiko kwamba vitabu hivi vimepanda bei ni ya kweli, lakini yanachanganya mambo mawili yenye dawa tofauti. Tuchukue kitabu kinachojulikana zaidi, yaani Player's Handbook cha Dungeons & Dragons. Toleo la tano lilipotoka mwaka 2014, bei yake ya jalada ilikuwa dola 49.95. Toleo jipya la Septemba 2024 liliuzwa kwa dola 49.99. Katika miaka 10 mchapishaji aliongeza senti 4 tu, ilhali kurasa ziliongezeka kutoka 320 hadi 384. Kilichopanda waziwazi kwa dola ni vitabu vya nyongeza, ambavyo kuanzia mwaka 2023 vilianza kutoka kwa dola 59.95.

Sasa tukitazame kitabu hichohicho kutoka upande wetu. Mnamo Agosti 2014 dola moja ilikuwa takriban shilingi 88, kwa hiyo bei ya jalada ilikuwa kama shilingi 4,400. Septemba 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 129, na bei ya jalada ikawa kama shilingi 6,450. Mchapishaji ameongeza senti 4, sisi tumeongezewa zaidi ya shilingi 2,000, karibu nusu ya bei ya awali. Aliyenunua Januari 2024, dola ilipofika shilingi 160, aliumia zaidi, kwani kitabu cha nyongeza cha dola 59.95 kilikuwa karibu shilingi 9,600 kabla hakijapanda ndege.

Kwa Mmarekani hali ni nyingine kabisa. Mfumuko wa bei wa Marekani kati ya 2014 na 2024 ulifikia takriban theluthi moja, kwa hiyo kitabu kilichobaki dola 50 kimekuwa nafuu kwake. Hata mchezo wa kwanza kabisa, uliochapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, uliuzwa kwa dola 10, ambazo kwa thamani ya 2024 ni zaidi ya dola 60, na ndani ya sanduku mlikuwa na vijitabu vitatu vyembamba vyenye jumla ya kurasa zisizofika 120, bila rangi. Kilichobadilika ni umbo la bidhaa. Leo mnunuzi hutarajia jalada gumu, karatasi nzito inayong'aa, rangi kila ukurasa na michoro ya wasanii waliolipwa mmoja mmoja. Bei ya karatasi na ya makontena ilipopaa mwaka 2021, wachapishaji wa vitabu vizito ndio walioumia zaidi, na uzito huohuo, ambao kwa mnunuzi wa Chicago ni fahari ya kabati, kwetu ndio unaotuumiza, kwa sababu sisi tunalipia kila kilo.

Jambo jingine la kujua ni mgawanyo wa fedha. Kwa desturi ya biashara hii, mchapishaji humuuzia msambazaji kwa takriban asilimia 40 ya bei ya jalada, na sehemu iliyobaki hugawanywa kati ya msambazaji na duka. Pengo hilo ndilo linaloyawezesha maduka makubwa ya mtandaoni kupunguza bei mara kwa mara. Kwa hiyo ichukulie bei ya jalada kuwa kikomo cha juu. Ukiilipa yote na bado ukalipia usafiri, umeshindwa katika mapatano ya kwanza.

Hatua ya 2: Kokotoa gharama hadi mlangoni

Usiamue lolote kabla ya kuandika hesabu hii kwenye karatasi. Nitatumia mfano wa kitabu cha dola 49.99, chenye uzito wa kilo 1.5 pamoja na kifungashio, kinacholetwa kwa ndege na kampuni ya mizigo inayotoza dola 14 kwa kilo, dola ikiwa shilingi 130. Ada ya kilo na thamani ya dola ni za mfano, nawe utaweka zako.

Kitabu ni shilingi 6,499. Usafiri ni dola 21, yaani shilingi 2,730. Jumla ya viwili hivyo, shilingi 9,229, ndiyo thamani ambayo forodha huitumia kukokotoa kodi. Watu wengi hukosea hapo, wakidhani kodi hutozwa juu ya bei ya kitabu peke yake, wakati usafiri nao umo.

Habari njema ni kwamba katika jedwali la ushuru wa pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, vitabu vilivyochapishwa vina ushuru wa forodha wa asilimia 0. Habari mbaya ni kwamba Kenya hutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16, tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013. Kuna pia ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 2. Katika mfano wetu VAT ni shilingi 1,477, ada ya tamko 231, na tozo ya reli 185. Gharama ya mwisho ni takriban shilingi 11,120. Kitabu kilichoonekana kwenye skrini kwa shilingi 6,499 kimepanda kwa zaidi ya asilimia 70, na hakuna aliyekuibia. Vitabu vitatu vya msingi vya D&D, vikiwa na uzito na bei kama hiyo, vitakaribia shilingi 33,400.

Viwango vya ada hizo mbili hubadilishwa na Bunge mara kwa mara, hivyo vihakiki KRA kila baada ya bajeti ya Juni. Uliza pia kama ada ya kilo ya kampuni unayoitumia inajumuisha kodi. Kampuni nyingi za mizigo hutoza bei moja inayobeba kila kitu, nyingine hukuletea ankara ya pili mzigo ukishafika, na ankara hiyo ya pili ndiyo inayoharibu bajeti.

Kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa kwa kirefu, nao ni uzito wa ukubwa. Baadhi ya wasafirishaji hupima sanduku kwa sentimita, huzidisha urefu, upana na kimo, hugawanya kwa 5,000, kisha hutoza kwa uzito wowote ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. Duka likikitia kitabu chako kimoja katika sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, hesabu inakuwa 24,000 gawanya kwa 5,000, yaani kilo 4.8. Kwa dola 14 kwa kilo utalipa takriban shilingi 8,700 za usafiri badala ya 2,730, na sehemu kubwa ya fedha hizo imesafirisha hewa. Kabla ya kuagiza, iandikie kampuni ujumbe ukiuliza mambo mawili: je, mnatoza kwa mizani au kwa ukubwa, na je, ghala lenu hufungua sanduku na kufunga upya? Hifadhi jibu.

Hatua ya 3: Anza na kanuni za bure zilizo halali

Ukiwa na ile 11,120 mbele yako, sasa tazama unachoweza kupata bila kulipa. Mnamo Januari 2023, baada ya mzozo mkubwa kuhusu leseni, mchapishaji wa D&D aliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Hati hiyo, iitwayo SRD 5.1, ina kurasa 403. Mwaka 2025 ilifuata SRD 5.2 yenye kanuni zilizorekebishwa, kwa leseni hiyohiyo. Ndani yake mna aina za wahusika, uchawi, silaha na mazimwi ya kutosha kuendesha kampeni, yaani kisa kirefu kinachoendelea kikao baada ya kikao, ya miaka. Kinachokosekana ni baadhi ya mazimwi mashuhuri, chaguo nyingi za wahusika, na michoro.

Mchezo mwingine wa aina hii, Pathfinder, ni mkarimu zaidi. Kanuni zake zote zinasomwa bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa ridhaa ya mchapishaji wake, Paizo. Kwa mtu anayependa hesabu na chaguo nyingi, hapo hakuna sababu ya kununua kitabu cha kanuni isipokuwa mapenzi ya karatasi. Ironsworn ya Shawn Tomkin inapatikana bure kama PDF na inaweza kuchezwa na mtu mmoja au wawili bila msimulizi, jambo linalowafaa wale ambao marafiki zao wamehamia Eldoret. Basic Fantasy ni bure kwa PDF, na nakala zake za karatasi huuzwa karibu na gharama ya uchapishaji. Lasers & Feelings ya John Harper ni ukurasa mmoja tu.

Ningependekeza Cairn ya Yochai Gal kwa meza mpya ya Nairobi, toleo lake la kwanza hasa. Ni kijitabu cha kurasa takriban 24, ni bure, na mhusika hutengenezwa kwa dakika chache. Faida hiyo ya mwisho ina uzito katika mji ambao mchezaji wa tatu atafika saa moja baadaye kwa sababu ya msongamano wa Thika Road, naye anahitaji kuingia mchezoni kabla chai haijapoa. Leseni yake inakuruhusu kuitafsiri na kuisambaza, mradi tafsiri yako nayo ibaki chini ya masharti yaleyale. Meza nyingi husoma kanuni kwa Kiingereza na kucheza kwa Kiswahili au Sheng, lakini karatasi ya mhusika iliyoandikwa kwa Kiswahili humsaidia sana mgeni.

Nalitaja hapa suala la nakala za wizi, zile zinazozunguka kwenye vikundi vya Telegram. Hoja ya kawaida ni kwamba mtu wa Nairobi hana uwezo wa kununua. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, lakini leo, mamia ya kurasa zikiwa bure na halali, anayeiba haibi kanuni za kuchezea, anaiba michoro. Mwenye akiba ndogo atumie vya bure, na fedha chache alizonazo azielekeze kwa waandishi wadogo ambao mauzo ya nakala 50 kwao ni jambo kubwa.

Hatua ya 4: Chapisha mjini, lakini kwa akili

Simu inatosha kwa kusoma, haitoshi mezani. Katikati ya kikao, mtu akiitafuta kanuni kwenye skrini ya inchi sita, ujumbe wa WhatsApp utaingia na mchezo utakatika. Angalau nakala moja ya karatasi inahitajika, na hapa Nairobi ina faida, kwa sababu uchapishaji wa River Road na mitaa inayoizunguka ni wa bei nafuu na wa haraka. Saiba ya mtaani kwa kawaida hutoza shilingi 5 hadi 10 kwa upande mmoja wa karatasi bila rangi, na mjini, ukiwa na kurasa nyingi, bei hushuka chini ya hapo. Patana kabla ya kutoa flashi.

Kuna mambo manne ya kumwambia mhudumu. La kwanza ni vipimo. Vitabu vingi hutoka Marekani, ambako karatasi ni pana kidogo na fupi kuliko A4, kwa hiyo mwombe alinganishe ukurasa na karatasi, la sivyo kingo za majedwali zitakatwa. La pili ni rangi ya usuli. Wachapishaji hupenda kurasa zinazofanana na ngozi ya kale, na mashine isiyo ya rangi huigeuza ngozi hiyo kuwa ukungu wa kijivu unaokula wino na kuficha maandishi. Tafuta faili la pili lililotengenezwa kwa ajili ya kuchapishwa, ambalo wauzaji wengi huliweka pamoja na lile la rangi, au uzime tabaka la usuli ndani ya PDF kama linaruhusu. La tatu, agiza mbele na nyuma. La nne ni kufunga: kurasa zinazozidi 60 zifungwe kwa spairo, kwa sababu kitabu kilichogandishwa kwa gundi hakilali wazi mezani na kitapasuka katika mwezi wa pili.

Kijitabu cha kurasa 24 kina njia yake. Chagua uchapishaji wa kijitabu, ambapo kurasa nne za kitabu huingia kwenye karatasi moja ya A4 mbele na nyuma, kisha karatasi sita hukunjwa katikati na kupigwa stapla mbili kwenye mgongo kwa stapla ya mkono mrefu. Pande 12 kwa shilingi 5 ni shilingi 60. Kwa shilingi 300 kila mchezaji wa meza ya watu watano ana kitabu chake mkononi, na akikimwagia soda hakuna atakayelia.

SRD usiichapishe yote. Kurasa 403 kwa shilingi 3 ni zaidi ya shilingi 1,200, na zaidi ya theluthi yake ni mazimwi ambayo msimulizi peke yake ndiye anayeyahitaji. Chapisha sura ya kutengeneza wahusika na sura ya mapambano kwa ajili ya meza, na kwa mchezaji mwenye mhusika mchawi, kurasa za uchawi alionao tu.

Kwa PDF uliyoinunua, soma kwanza ukurasa wake wa hakimiliki. Wengi huandika wazi kwamba mnunuzi anaruhusiwa kuchapisha nakala kwa matumizi yake, na ni vyema kumwonyesha mhudumu ukurasa huo kwenye simu, kwa kuwa baadhi ya wachapaji hukataa, kwa haki yao, kunakili kitabu kilichoandikwa kwamba haki zote zimehifadhiwa.

Hatua ya 5: Nunua faili kabla ya karatasi

Meza ikishacheza kwa miezi michache, itakuwa imejua inachokosa. Mara nyingi kinachokosekana ni visa vya kucheza, wala si kanuni zaidi, na visa huuzwa vizuri kama PDF. Faili halina kilo, halina forodha, na bei yake kwa kawaida ni nusu ya bei ya kitabu au chini ya hapo. PDF ya kanuni za wachezaji za Pathfinder, kwa mfano, ni dola 19.99 ilhali kitabu chake cha jalada gumu ni dola 59.99. Duka kubwa la faili hizi ni DriveThruRPG, na huwa na mauzo ya bei iliyopunguzwa mara kadhaa kwa mwaka. Wachapishaji wengi huko humwachia mnunuzi apange bei mwenyewe.

Kwa malipo, mtu asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022, au kuunganisha M-Pesa na PayPal. Zote mbili hubadilisha dola kwa kiwango kilicho juu kidogo kuliko kile cha Benki Kuu, kwa hiyo tazama jumla ya shilingi kabla ya kuthibitisha. Jumla hiyo inaweza pia kuwa na VAT ya asilimia 16, kwa sababu wauzaji wa kigeni wa bidhaa za kidijitali wanatakiwa kuitoza kwa wanunuzi wa Kenya.

Tofautisha faili na leseni. Ukinunua PDF, unaipakua na kuiweka kwenye flashi. Ukinunua kitabu cha D&D kwenye D&D Beyond, kwa kawaida kwa dola 29.99, unapata ruhusa ya kukisoma ndani ya akaunti, mtandaoni au kwenye programu yao. Faida yake ni kwamba msimulizi mwenye usajili wa daraja la juu anaweza kuwafungulia wachezaji wake wote vitabu alivyonunua, na kwa meza ya watu sita hiyo si faida ndogo. Hasara ni kwamba mchezo wako sasa unategemea bando, akaunti na uamuzi wa kampuni iliyo mbali. Binafsi ningelipia faili hata kama ni la mchezo usio maarufu.

Hatua ya 6: Kama ni lazima kitabu kije

Wapo wanaotaka kitabu chenyewe, na hakuna ubaya. Njia ya kwanza ni mtu anayesafiri. Shangazi anayerudi kutoka Uingereza akiwa na nafasi ya kilo mbili kwenye begi anaokoa ada yote ya kilo, lakini mwombe mapema, mtumie picha na uzito wa kitabu, na usimbebeshe vitabu vitatu kwa jina la kimoja. Uingereza ina faida nyingine, kwani vitabu vya karatasi havitozwi VAT huko, kwa hiyo bei ya dukani ndiyo bei ya mwisho. Marekani, kodi ya mauzo huongezwa wakati wa kulipa kulingana na jimbo linakoenda kitabu. Ndiyo sababu baadhi ya kampuni za mizigo huweka maghala Delaware, ambako kodi hiyo haipo. Chagua anwani hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua.

Njia ya pili ni duka la vitabu la hapa linaloagiza kwa niaba yako. Peleka nambari ya ISBN badala ya jina, kwa sababu kitabu kimoja huwa na matoleo ya jalada gumu, jalada la kipekee na toleo dogo, na bei zake hazilingani. Omba bei ya mwisho kwa maandishi na uilinganishe na hesabu yako ya hatua ya pili. Ikiwa tofauti ni shilingi elfu moja au chini, mpe mwenye duka kazi hiyo. Anabeba hatari ya mzigo kupotea, nawe unalala.

Njia ya tatu ni kampuni ya mizigo. Subirini muwe wanunuzi watatu au wanne, mletewe vitabu katika sanduku moja lililojaa, maana sanduku lililojaa ndilo linaloshinda ule mtego wa ukubwa. Hifadhi risiti halisi ya duka, kwa kuwa forodha isipoiona itakadiria thamani yenyewe. Jambo moja muhimu: tenga vitabu na dadu, vikaragosi na masanduku ya kuanzia. Ile asilimia 0 ni ya vitabu. Vifaa vya mchezo viko katika fungu jingine la jedwali, na mzigo uliochanganywa na kuandikwa kwa jumla kuwa ni michezo unaweza kukadiriwa wote kwa fungu hilo. Kila kitu kiandikwe kwa mstari wake kwenye ankara.

Dadu zenyewe zisikusumbue. Za pande sita zimo katika kila sanduku la ludo, za pande 20 zinaweza kuigwa kwa vipande vya karatasi ndani ya kikombe, na programu za simu za kurusha dadu ni bure.

Kuhusu michango ya kabla ya uchapishaji, kama ile ya Kickstarter, tahadhari ni moja: ada ya usafiri mara nyingi hutozwa baadaye, kitabu kinapokaribia kutumwa, na Kenya kwa kawaida huwekwa katika kundi la nchi nyingine zote, ambalo ndilo ghali kuliko yote. Kati ya kuahidi na kulipa usafiri panaweza kupita mwaka mzima, na shilingi haikai palepale. Changia ngazi ya PDF.

Wauzaji wa inama, yaani wanaotandaza vitabu chini, wa katikati ya mji ni hazina ya vitabu vingine, lakini kukuta kitabu cha kanuni huko ni bahati, usikifungie safari. Maonyesho ya katuni na michezo kama NAICCON ya Nairobi yana nafasi nzuri zaidi, maana huko ndiko wanakokutana watu wenye vitabu wasivyovitumia tena. Toleo la 2014 la D&D linafaa kuangaliwa kwa jicho hilo: visa vyake bado vinachezeka kwa kanuni za 2024, na wanaohamia toleo jipya huwa wanataka kuondoa la zamani.

Hatua ya 7: Lipieni kama chama

Meza nzima inahitaji nakala moja ya kitabu cha kanuni, pengine mbili, na bado ni kawaida kuona msimulizi peke yake akigharamia kila kitu kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha jambo. Desturi hiyo ivunjwe mapema. Kila mchezaji akitoa shilingi 200 kwa kikao, watu watano wanapata 1,000, na wakikutana kila wiki mbili, kitabu cha shilingi 11,120 kinalipiwa ndani ya vikao 12, chini ya miezi sita. Kitabu hicho kikitumika kwa vikao 24, gharama ni takriban shilingi 93 kwa mtu kwa kikao, fedha ambazo hazifiki nauli ya Rongai ya kwenda na kurudi.

Kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa, andikeni mambo matatu kwenye kikundi cha WhatsApp, yasomwe na kila mtu. Nani anashika fedha, na msimulizi asiwe huyo. Kitabu kinalala kwa nani kati ya kikao na kikao. Na mtu akihama au akichoka, je, anarudishiwa mchango wake au unabaki? Ushauri wangu ni ubaki, kwa sababu ameshautumia mezani, lakini lolote mtakalokubaliana ni bora kuliko kuliamua siku mtu anapohamia Mombasa akiwa na kitabu begini. Waliokwisha kuwa katika chama cha aina yoyote hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mchango usiishie kwenye kitabu. Sehemu yake ilipie uchapishaji wa karatasi za wahusika na visa vya PDF, maana meza yenye kanuni nzuri na isiyo na kisa kipya hufa kabla ya Krismasi.

Hatua ya 8: Uza kisichotumika

Kitabu cha jalada gumu kilichotunzwa hushikilia thamani Nairobi kuliko kinavyoshikilia ughaibuni, kwa sababu mnunuzi wa hapa hailinganishi bei yako na bei ya jalada bali na gharama ya kukileta, ile 11,120. Kitabu hicho ukikiuza kwa 7,000 nyote wawili mmepata. Kifunike kwa karatasi ya plastiki siku ya kwanza, kama vitabu vya shule, usiandike ndani kwa kalamu ya wino, na ramani zinazochomoka zihifadhi katika bahasha. Ukitangaza, piga picha ya mgongo, ya pembe nne za jalada na ya ukurasa wenye mwaka wa toleo, kisha taja kama kinafuata kanuni za 2014 au za 2024, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Kutaneni mahali penye watu, mnunuzi afungue kurasa zote kabla ya kutuma fedha, na fedha zikishaingia, chama kigawiwe kulingana na mlivyoandika.